Kuanza kazi ya masoko ya mtandaoni ukiwa Mtwara

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama anayebangua na kukaanga korosho hapa Mtwara mjini. Mwezi ulipoisha nikampelekea ripoti niliyoipamba kwa rangi, nikamwonyesha kwenye simu kwamba picha ya beseni lake la korosho imepata laiki 312. Akaitazama, akanirudishia simu, akasema: "Mwanangu, hongera. Sasa hizo laiki naziuza wapi?"

Sikuwa na jibu. Kila nilichojifunza baadaye kwenye kazi hii kimetokana na lile swali, na mwongozo huu pia. Nimeuandika kwa ajili ya kijana anayetaka kuishi kwa kazi ya masoko ya mtandaoni akiwa Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea, bila kusubiri kwanza ahamie Dar.

Hatua ya 1: Ijue kazi, kisha chagua vipande viwili

Watu wakisikia "social media" hudhani ni kupost. Kupost ni sehemu ndogo. Kuna kupiga picha na video, kuandika maelezo, kujibu wateja, kuweka biashara kwenye ramani ya Google, kulipia matangazo na kusoma matokeo yake, na kuandika ripoti ambayo mwenye duka ataielewa. Huwezi kuyamudu yote kwa pamoja. Chagua mawili uyajue hasa. Mimi nilianza na picha na WhatsApp kwa sababu ndivyo nilivyoviweza, na kwa mji kama wetu vilinitosha karibu mwaka mzima.

Hatua ya 2: Vifaa

Simu moja yenye kamera nzuri, laini ya pili kwa ajili ya kazi, na pawabenki kwa siku ambazo umeme umekatika. Kompyuta itakuja baadaye. Kwa kubuni matangazo tumia Canva, kwa kukata video tumia CapCut, na zote mbili zina toleo la bure. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini kabla ya kila picha. Nakwambia hili kwa sababu nusu ya picha zenye ukungu ninazoletewa na wanafunzi wangu ni mafuta ya vidole tu.

Hatua ya 3: Jifunze bure, na uweke mwisho

Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, wana masomo yao ya Blueprint, Google wana yao, na HubSpot Academy, shule ya mtandaoni ya masoko, wanatoa hadi cheti bila kulipa. Tatizo ni kwamba mengi ni ya Kiingereza. Tafuta mwenzako mmoja msome pamoja, kila mmoja amsimulie mwingine somo kwa Kiswahili. Ukishindwa kulisimulia kwa Kiswahili, hujalielewa. Jipe wiki sita halafu ingia mtaani. Nimeona vijana wenye vyeti vinne na hawana mteja hata mmoja. Na anayekuahidi kozi ya laki tano itakayokufanya "upige hela ukiwa umelala", mwache alale yeye.

Hatua ya 4: Mteja wa kwanza ni jirani

Usianze na hoteli kubwa wala kampuni ya saruji. Anza na mtu unayeweza kufika kwake kwa miguu na kukaa naye saa nzima ukiangalia anavyouza: fundi sofa, mama lishe, muuza samaki wa feri, duka la vipuri vya pikipiki. Msalimie, nunua kitu, kisha mwombe mwezi mmoja wa kufanya kazi bila malipo. Mwezi huo uwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, iliyoandikwa kwenye karatasi. Usipoandika, bure itakuwa bure ya milele, na siku utakayotaja hela utaonekana umebadilika.

Siku ya kwanza usipost kitu. Uliza maswali. Wateja wako wengi wanakujuaje? Nini kinaisha haraka, nini kinakaa? Wanapiga simu au wanakuja tu? Ukimkuta mteja dukani, muulize na yeye. Mama wa korosho aliniambia wateja wake wengi ni watu wanaosafiri, wanaopitia kununua zawadi kabla ya kupanda basi la Dar. Neno hilo moja lilikuwa na thamani kuliko kozi nzima, ingawa wakati ule sikulitilia maanani.

Baada ya hapo fanya mambo mawili ambayo maduka mengi ya kusini hayajafanya.

La kwanza ni kuiweka biashara kwenye ramani ya Google. Ni bure. Weka jina, saa za kufungua, simu na picha halisi za mahali penyewe. Google mara nyingi huomba video ya uthibitisho inayoonyesha barabara, kibao cha duka na ndani ya duka, kwa hiyo kama duka halina kibao, mwambie mwenyewe apake hata maandishi ya rangi ukutani. Mgeni anayeshuka Mtwara kwa mara ya kwanza hamjui mtu. Anaandika "samaki Mtwara" kwenye simu na kwenda panapotokea.

La pili ni WhatsApp Business. Hapa ndipo biashara za kwetu zinapouzia, na nitakaa hapa kidogo.

Hatua ya 5: Ijenge WhatsApp kama duka

Programu hii ina katalogi, yaani rafu ya duka ndani ya simu. Kila bidhaa iwe na picha yake, kipimo chake na bei yake. Nasisitiza bei. Ugonjwa wa "bei njoo inboksi" umeua biashara nyingi kuliko ushindani. Mnunuzi akikosa bei huamua mwenyewe kwamba ni ghali, anapita.

Maelezo ya zamani ya yule mama yalikuwa hivi: "Korosho tamu sana bei poa karibuni wote bei inboksi." Tukakaa kwenye mkeka, tukayaandika upya: "Korosho za kukaanga, chumvi kidogo. Robo 7,000, nusu 13,500, kilo 26,000. Zimekaangwa jana usiku. Mtwara mjini tunaleta kwa boda. Dar tunapakia kwenye basi, ukilipa leo unapokea Mbagala kesho." Mama akauliza, "Hiyo ya jana usiku ya nini?" Nikamwambia ndiyo inayouza. Mtu wa Dar anajua korosho zilizolala dukani zina ladha gani.

Picha nayo tuliipiga upya. Ya kwanza ilikuwa beseni la bluu chini ya taa ya ndani, korosho zimekuwa na rangi kama ya mgonjwa. Tulizima taa, tukazimwaga kwenye ungo, tukauweka mlangoni saa 2 asubuhi kabla jua halijawa kali, na mama akavunja korosho moja katikati ili weupe wa ndani uonekane. Ilichukua dakika kumi. Kwetu jua la mchana linaunguza picha: piga kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, au tafuta kivuli cha baraza.

Kuhusu video, onyesha mikono inafanya kazi. Iliyotuletea oda nyingi kuliko zote ilikuwa sekunde 20 za mama akibangua, sauti ya ganda likipasuka, bila muziki. Akaeleza kwa maneno yake kwamba mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, ndiyo maana anajipaka kinga mikononi kabla hajaanza. Baada ya video hiyo watu walipunguza kuomba punguzo. Kuacha muziki pia kuna faida nyingine: akaunti za biashara Instagram haziruhusiwi nyimbo nyingi maarufu, na video yako inaweza kunyamazishwa. Sauti ya kazi ni yako.

Kisha mambo madogo ya programu. Andaa majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia: bei, usafiri, namba ya kulipia. Tengeneza kiungo cha wa.me kikifuatiwa na 255 na namba bila sifuri ya mwanzo, ukibandike Instagram na Facebook, mtu akibonyeza aangukie kwenye gumzo moja kwa moja. Tumia lebo kutenga waliolipa na wanaosubiri. Na fahamu kwamba orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi inachukua namba 256, tena ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kila anayenunua aombwe kistaarabu, "Tafadhali hifadhi namba yetu uone mzigo mpya." Usipofanya hivyo unatuma hewani.

Mwezi Mei 2024 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima, oda za yule mama ziliendelea kwa simu za kawaida na SMS kwa sababu namba za wateja zilikuwa kwenye daftari. Daftari hilo ni mali. Usilipige picha ukampa mtu mwingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda watu ambao namba zao zimo humo, na hata bila sheria ni aibu.

Hatua ya 6: Fuata kalenda ya kusini

Wataalamu wa Dar watakupa kalenda yenye Valentine na Black Friday. Huku hela ina majira yake. Minada ya korosho huanza kwenye mwezi wa 10 na kuendelea hadi mwaka mpya, kupitia vyama vikuu vya ushirika kama MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao. Ufuta una minada yake katikati ya mwaka, na Lindi ndiko unakotamba. Mbaazi hufuata.

Lakini mnada ukifanyika leo, hela haiingii leo. Mkulima analipwa baadaye, kupitia akaunti yake, na hapo ndipo bati, pikipiki, sofa na magodoro yanaponunuliwa. Kama mteja wako anauza bati Tandahimba, tangazo la wiki ya mnada ni la kumkumbusha mtu kwamba upo. Tangazo la kuuza lisubiri malipo. Muulize mtu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, mtaani kwako malipo yamefikia wapi, atakwambia kwa usahihi kuliko mtandao wowote. Kwa muuza korosho mambo ni kinyume: wateja wake wako Dar, Dodoma, Arusha, na wanapokea mshahara mwisho wa mwezi.

Onyo moja la msimu. Akija mtu anataka umtangazie kwamba ananunua korosho ghafi mitaani kwa hela taslimu, hiyo ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Korosho ghafi zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo ghalani, anapewa stakabadhi, na mzigo unauzwa mnadani. Kataa hata kama anakulipa mara mbili, maana jina litakalobaki kwenye tangazo ni lako.

Na jambo ambalo si la biashara. Majira ya jando na unyago utakutana na ngoma njiani, simu iko mkononi, video inaweza kupata watazamaji wengi sana. Ya hadharani omba ruhusa. Ya ndani yaache huko ndani.

Hatua ya 7: Kulipia matangazo, polepole

Nilipoteza hela ya mteja mara moja, na haikuwa kwa wizi. Mwenye mgahawa Mikindani alinipa 30,000 niutangaze mchuzi wa pweza. Nikabonyeza kile kitufe cha kuboost, cha kulipia posti ionekane na watu wengi zaidi, nikaacha eneo kama lilivyokuja: Tanzania nzima. Siku tatu baadaye tulikuwa na laiki nyingi na komenti tamu kutoka Mwanza na Mbeya. Hakuna aliyekuja kula. Nilimrudishia hela yake kwa awamu mbili.

Tangu hapo sigusi kitufe hicho. Naingia kwenye Meneja wa Matangazo wa Meta, naweka pini kwenye ramani, kisha nachagua umbali. Hapa mtu wa Mtwara awe makini. Umbali mkubwa unaoruhusiwa kuzunguka pini ni kilomita 80. Ukiuweka wote kutoka mjini, duara linafika Lindi, ambayo ni sawa, lakini upande mmoja linavuka Ruvuma hadi Palma huko Msumbiji, na upande mwingine linaingia Bahari ya Hindi kwenye samaki wasio na simu. Kwa mgahawa, kilomita 15 zinatosha. Kwa sofa ongeza Masasi na Newala kwa pini zake, usivute duara moja.

Anza na 3,000 au 5,000 kwa siku, siku tano, matangazo mawili yenye picha tofauti na maneno yaleyale. Lisilofanya vizuri lizime. Lengo liwe ujumbe wa WhatsApp, si laiki. Malipo unaweza kufanya kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni unayotengeneza kwenye akaunti ya pesa ya simu, ila hela ya tangazo itoke kwa mteja kabla hujaanza. Usimkopeshe mteja bajeti. Narudia kwa sababu mimi nilirudia kosa.

Hatua ya 8: Ripoti ya ukurasa mmoja

Turudi kwa mama na laiki zake. Mwezi wa pili nilimwambia kila anayenunua amuulize, "Umetujuaje?" na aandike alama kwenye daftari: W kwa WhatsApp, G kwa ramani, R kwa rafiki. Mwisho wa mwezi tukahesabu. Ripoti ikawa hivi: waliouliza 41, walionunua 17, kati yao 9 wa Dar, kilo zilizouzwa kupitia simu 22. Hakuna rangi. Mama aliisoma mara mbili, akaenda kuniletea chai.

Pima kitu ambacho mwenye biashara angekihesabu hata kama mtandao usingekuwepo. Idadi ya walioona tangazo iweke chini, kwa maandishi madogo, kwa ajili yako mwenyewe.

Hatua ya 9: Bei, makubaliano na funguo

Mwezi wa tatu mama alianza kunilipa 80,000 kwa mwezi. Niliona ndogo, lakini wateja wanne wa namna hiyo walinilipia chumba na bando. Usiige bei za Dar. Angalia faida unayomletea mtu, uombe sehemu yake. Andika kwenye karatasi moja: utafanya nini (mfano picha 8, video 4, kujibu ujumbe hadi saa 2 usiku), hutafanya nini, tarehe ya malipo, na kwamba bajeti ya matangazo ni tofauti na ujira wako.

Funguo za akaunti ni za mwenye duka. Nimempokea mteja aliyepoteza ukurasa wa miaka minne kwa sababu kijana aliyeufungua alitumia namba yake mwenyewe, wakagombana, akaondoka nao. Fungua kila kitu kwa namba na barua pepe ya mteja, wewe uongezwe kama msimamizi kupitia Meta Business Suite. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na neno la siri liandikwe kwenye karatasi inayokaa nyumbani kwake.

Upande wa serikali, chukua TIN, namba ya mlipakodi, ya TRA mapema, ni bure, na ukikua sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ukianza kurusha habari na matukio kwenye ukurasa wako, hapo unahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mteja wa dawa ni wa kumwogopa: matangazo ya dawa yanahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na anayetaka uandike kwamba chupa yake inatibu kisukari, presha na nguvu za kiume kwa pamoja, mwelekeze kwa mwingine. Na ukiandika uongo au matusi juu ya mshindani wa mteja wako, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitamuuliza aliyekutuma.

Hatua ya 10: Mteja wa pili, wa tatu, na wa mbali

Kazi yako ya kwanza ndiyo barua yako ya maombi. Hifadhi picha ya kabla na baada, maelezo ya kabla na baada, na ile ripoti ya ukurasa mmoja, kwa ruhusa ya mteja. Ukiwa na kazi tatu za namna hiyo unaweza kugonga milango mingine: nyumba za wageni za Mikindani, waongoza watalii wanaopeleka watu Kilwa Kisiwani, ambayo imekuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, wachonga vinyago wa Kimakonde ambao wanunuzi wao wengi wako mbali na hawawaoni. Wachongaji hasa wanahitaji mtu wa kupiga picha kinyago pande zote nne, kuandika urefu, aina ya mti na jina la aliyekichonga. Ni kazi ya subira na haina hela ya haraka, lakini ikikubali inakupa wateja wa nje.

Januari moja, saa 4 usiku, mama alinipigia simu. Si kawaida yake kupiga usiku, nikadhani kuna msiba. "Mwanangu," akasema, "zima hilo tangazo. Korosho zimeisha, na watu bado wanaandika." Nilikuwa nimesahau kuweka tarehe ya mwisho. Siku hizi naiweka kabla ya kubonyeza chochote, na kila Ijumaa nampigia kila mteja kumuuliza mzigo umebaki kiasi gani.